Jibu Lisipofika, Nani Anadaiwa?

Programu za kompyuta zimeanza kupewa madaraka. Zamani programu ilingoja mtu abonyeze kitufe. Siku hizi inatumwa ikatafute bei, ipatane na programu ya kampuni nyingine, ifunge mkataba, kisha imletee mwenyewe taarifa. Programu ya namna hiyo huitwa wakala. Mawakala wawili walioandikwa na watu wasiojuana hawawezi kufanya biashara bila itifaki, yaani utaratibu unaosema nani aseme nini, lini, na akishasema amejifunga kwa lipi. Kinachowagawa watu wa fani hii ni jinsi ya kuuandika utaratibu huo. Wapo wanaotaka uandikwe kwa ukali wa hisabati, ili mashine iukague kabla haujaanza kutumika. Wapo wanaoona maelezo ya kawaida na busara ya waandishi wa programu vinatosha.

Sauti tatu zifuatazo nimezipanga mimi. Mwalimu anafundisha sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Fundi anaandika programu za malipo na usafirishaji. Mzee ana malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na ng'ambo ya mpaka. Mimi niko upande wa Mwalimu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Ila aliyelishika jambo lenyewe mahali panapouma ni Mzee.

FUNDI. Mwalimu, mimi sigombani na hisabati. Nagombana na nyaraka ambazo hazimsaidii mtu anayetakiwa kukabidhi kazi mwisho wa mwezi. Chukua FIPA, shirika lililoanzishwa mwaka 1996 kuweka viwango vya mazungumzo ya mawakala. Viwango vyake vimejaa mantiki. Vinasema wakala akitoa taarifa, lazima awe anaiamini, na awe haamini kwamba mwenzake tayari anaijua. Sasa nani atapasua programu ya mshindani wangu aone inaamini nini?

MWALIMU. Hapo nakuunga mkono. Mwaka 1998 Munindar Singh, mtafiti wa Marekani, alilisema hilo waziwazi: huwezi kujenga soko huria la mawakala juu ya mambo yaliyofichwa vichwani mwao. Akapendekeza maana ya ujumbe itokane na ahadi. Ahadi ina mdaiwa, ina mdai, ina sharti na ina kitu kinachodaiwa. Ukitaka kujua kama imetimizwa, unaangalia jumbe zilizopita kati yao. Moyo wa mtu huuhitaji. Kwa hiyo lawama yako imeangusha aina moja ya maelezo rasmi, nayo ilistahili kuanguka. Nyingine zimebaki zimesimama.

MZEE. Nipeni mfano ambao mtu wa malori ataushika.

MWALIMU. Upo, tena wa zamani. Mwaka 1980 Reid Smith alichapisha itifaki ya kugawana kazi kwa zabuni kati ya kompyuta zilizotawanyika. Mwaka 1993 Tuomas Sandholm akaitumia kwa vituo vya usafirishaji vinavyouziana mizigo: kituo kinachoona mzigo fulani utakigharimu sana kinautangaza, na kituo chenye lori linalopita njia hiyo hiyo kinautolea bei. FIPA nao wakaichukua itifaki hiyo na kuiandika kama kiwango. Mwenye mzigo anatoa mwito wa zabuni. Kila msafirishaji ama anakataa ama anataja bei. Mwenye mzigo anachagua, anamwambia mshindi "nimekubali" na wengine "nimekataa". Mshindi anafanya kazi, kisha anatoa taarifa kwamba imekamilika au imeshindikana.

MZEE. Kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Sasa niulize. Nimetaja bei, lori limekaa, mwenye mzigo kanyamaza. Nifanye nini?

FUNDI. Unangoja kidogo, kisha unatafuta mzigo mwingine. Si jambo la kuandikia kitabu, Mzee.

MZEE. Kidogo kiasi gani? Na nikishauchukua mzigo mwingine, jibu lake likaingia?

MWALIMU. Ngoja, Fundi, usilipite hilo. Kiwango cha FIPA kimeufikiria ukimya mmoja. Mwito wa zabuni una muda wa mwisho, ili mwenye mzigo asikae akingoja bei milele. Bei ikichelewa inakataliwa papo hapo. Kiwango hicho hicho kinasema bei ikishatajwa inamfunga aliyeitaja: mwenye mzigo akikubali, msafirishaji anadaiwa kazi. Lakini ukimya wa upande wa pili, anaousema Mzee, mchoro wa itifaki hauna muda wake. Kwenye ujumbe wenyewe ipo sehemu ya kuandika "nijibu kabla ya saa fulani", nayo ni ya hiari. Aliyeita zabuni amelindwa. Aliyezabuni amefungwa, na hajui atafunguliwa lini.

Niingilie hapa kidogo. Watu wengi wanaposikia maelezo rasmi ya itifaki, huwaza orodha ya jumbe zinazoruhusiwa na mpangilio wake. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mwandishi yeyote makini wa programu ataipata hata kwa kalamu na karatasi. Uzito wa itifaki uko kwenye ujumbe ambao haukufika: nani anaruhusiwa kudhani nini, na nani anabeba hasara ya dhana hiyo. Nimesoma itifaki kadhaa zilizoandikwa kwa Kiingereza kizuri tu, na karibu kila mara hapo ndipo sentensi zinapolegea. Utakuta neno kama "baada ya muda wa kutosha", na mwenye kulisoma anaachiwa akisie.

FUNDI. Sawa, tuweke muda. Bei ya Mzee inaishi hadi saa 4 asubuhi. Baada ya hapo imekufa.

MZEE. Mwenye mzigo akubali saa 3:58, mtandao uchelewe, ujumbe unifikie saa 4:03. Yeye anajua ana lori. Mimi lori nimeshampa mwingine. Nani mwongo?

FUNDI. Hakuna mwongo. Dawa ni kuthibitisha kupokea. Asihesabu kwamba ana lori mpaka upande wako umthibitishie.

MZEE. Na uthibitisho ukipotea?

FUNDI. Athibitishe naye kwamba... Nimekuelewa, Mzee. Hilo halina mwisho.

MWALIMU. Halina, na limethibitishwa hivyo. Tatizo hili lilielezwa kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1975, na mwaka 1978 Jim Gray akalipa jina la majenerali wawili wanaotaka kushambulia saa moja huku wajumbe wao wakiweza kutekwa njiani. Kama mtandao unaweza kupoteza ujumbe wowote, hakuna idadi ya uthibitisho itakayowafanya wote wawili wawe na uhakika kwa pamoja. Ukiongeza ujumbe mmoja, shaka inahamia kwa mwingine. Kwa hiyo kazi ya anayeandika itifaki ni kuchagua shaka hiyo ikae kwa nani, na mwenye nayo afanye nini nayo. Hilo haliwezi kuachwa kwa busara ya kila mwandishi wa programu, kwa sababu wa upande huu na wa upande ule watachagua tofauti, na kila mmoja atakuwa na sababu zake nzuri.

FUNDI. Lakini intaneti yenyewe haikujengwa kwa ukali huo. Jon Postel, mmoja wa walioijenga, aliwashauri watu kuwa wakali wanapotuma na wapole wanapopokea, na dunia nzima ikaunganishwa. Upole umefanya kazi kubwa kuliko mantiki.

MWALIMU. Soma tena hati ya mwaka 1981 ya TCP, itifaki ya kusafirishia data kwenye intaneti, ambayo Postel mwenyewe ndiye aliyeihariri. Ndani yake kuna mchoro wa hali 11 ambamo muunganisho unaweza kuwa, na kutoka kila hali panasemwa ni ujumbe gani unakupeleka wapi. Moja ya hali hizo ipo kwa ajili ya ukimya tu. Kompyuta inayotuma uthibitisho wa mwisho haiondoki papo hapo. Inangoja mara mbili ya muda mrefu kabisa ambao kipande cha ujumbe kinaweza kuishi mtandaoni. Hati iliuweka muda huo kuwa dakika 2, kwa hiyo kungoja ni dakika 4. Inangoja kwa sababu uthibitisho wake unaweza kuwa umepotea, na mwenzake akauliza tena. Mtu alikaa chini akaamua nani angoje na kwa muda gani. Upole unaousifu umesimama juu ya uamuzi huo.

FUNDI. Basi nije na silaha yangu nzito. Wi-Fi. Simu inapojiunga na mtandao wenye ulinzi wa WPA2, inabadilishana jumbe nne na kifaa cha kurushia mawimbi. Mwaka 2005 wataalamu walichapisha uthibitisho wa kihisabati kwamba mabadilishano hayo ni salama. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens wakayavunja. Hisabati ilikuwa wapi?

MWALIMU. Tuangalie yalivyovunjwa, maana ni darasa zuri. Ujumbe wa tatu unapofika, simu inaweka ufunguo wa siri na kuanza kuhesabu pakiti zake kutoka mwanzo. Kifaa kisipopata jibu la ujumbe huo, kinautuma tena. Basi mshambuliaji anazuia jibu la simu lisifike. Kifaa kinaona ukimya, kinarudia ujumbe wa tatu. Simu inaupokea kwa mara ya pili, inaweka upya ufunguo ule ule, na hesabu inarudi mwanzo. Ufunguo mmoja ukitumika mara mbili na hesabu ile ile, siri zinavuja. Uthibitisho wa mwaka 2005 haukukosea katika ulichokisema. Ulisema ufunguo hautajulikana kwa mgeni, na kweli haukujulikana. Haukusema ufunguo uwekwe lini, wala mara ngapi.

MZEE. Yaani hata hapo shida ilikuwa ni jibu lisilofika.

MWALIMU. Ni hiyo hiyo, Mzee. Na Fundi, hapo hoja yako naikubali: maelezo rasmi hulinda yale tu yaliyoandikwa ndani yake. Sitamdanganya mtu kwamba uthibitisho ni hirizi. Lakini angalia na upande wa pili. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki ya watu wawili kutambuana kwa njia ya mtandao. Kiini chake ni jumbe tatu. Wa kwanza anatuma namba ya siri na jina lake. Wa pili anairudisha namba hiyo pamoja na namba yake mwenyewe. Wa kwanza anarudisha namba ya wa pili. Kila ujumbe umefungwa kwa ufunguo wa mpokeaji. Jumbe tatu tu, zinaenea kwenye kadi ya mwaliko, na zilisomwa na kufundishwa kwa miaka 17. Mwaka 1995 Gavin Lowe akaonyesha shimo: mtu wa tatu, ambaye wa kwanza ameanza mazungumzo naye kwa nia njema, anaweza kuzipitisha jumbe zile hadi kwa wa pili, na wa pili akaamini anaongea na wa kwanza. Mwaka uliofuata Lowe aliiandika itifaki hiyo kwa lugha rasmi, akaipa programu ya ukaguzi ipite kila njia inayowezekana, na mashine ikalitoa shambulio lenyewe. Dawa yake? Wa pili ataje jina lake kwenye ujumbe wa pili. Jina moja.

FUNDI. Miaka 17 kwa jumbe tatu. Hilo linatisha, nakiri. Lakini hao ni watafiti wenye nafasi. Kazini hakuna nafasi hiyo.

MWALIMU. Amazon nao wako kazini. Tangu mwaka 2011 wahandisi wa huduma zao za seva wamekuwa wakiandika miundo yao kwa TLA+, lugha ya Leslie Lamport, na mwaka 2015 walichapisha walichokipata. Katika DynamoDB, hifadhidata yao, ukaguzi ulitoa kasoro ya kupoteza data ambayo njia yake fupi kabisa ilikuwa na hatua 35. Muundo huo ulikuwa umeshapita mapitio ya wahandisi na majaribio mengi. Hakuna binadamu anayekaa mezani akawaza hatua 35 za mitambo kuzimika na kuwaka kwa mpangilio maalumu. Na kuhusu muda unaoulilia, waliandika kwamba wahandisi wao, wapya kwa wakongwe, walijifunza lugha hiyo na kupata faida ndani ya wiki mbili hadi tatu.

FUNDI. Wiki tatu si nyingi. Haya. Lakini mawakala wa leo si wale wa mwaka 1996. Wamejengwa juu ya akili mnemba inayoelewa lugha. Wakala wangu akipata jibu la ajabu atauliza, atafafanua, atapatana. Mwaka 2025 Google walitoa itifaki ya mawakala kuzungumza wao kwa wao, A2A, na ujumbe ndani yake unaweza kuwa maandishi ya kawaida kabisa. Kwa nini tuwarudishe kwenye pingu?

MWALIMU. A2A hiyo hiyo imetaja hali za kazi: imewasilishwa, inafanyiwa kazi, inahitaji maelezo, imekamilika, imefutwa, imeshindikana. Walioiandika wanajua kwamba maneno matamu peke yake hayatoshi. Lazima pawe na mahali ambapo pande zote mbili zinakubaliana kazi imefika wapi. Na ninavyoona mimi, kadiri wakala anavyokuwa fasaha, ndivyo hitaji la itifaki kali linavyoongezeka. Programu ya zamani ikishindwa kuelewa ilisimama. Ya leo ikishindwa kuelewa inaweza kuendelea kwa kujiamini.

MZEE. Mimi nalielewa hivi. Kupatana bei na mteja kunaweza kula asubuhi nzima: tutacheka, tutanywa chai, tutanuniana. Lakini hati ya mzigo haichekeshi. Ina nafasi za kujaza, ina sahihi, na dereva asiyekuwa nayo haondoki getini.

MWALIMU. Sina la kuongeza hapo. Waache mawakala wapatane kwa lugha wanayotaka. Inapofika hatua ya kujifunga, wapite mlango mmoja mwembamba uliokaguliwa.

Mwalimu akauchora mlango huo, na inafaa tuutazame kwa karibu. Zabuni ya lori ina hali tano: haijatolewa, imetolewa, imekubaliwa, imeondolewa, imekwisha muda. Masharti ni mawili. La kwanza: lori moja lisidaiwe kamwe na wenye mizigo wawili kwa safari moja. La pili: kila zabuni iliyotolewa hatimaye ifikie mwisho, isining'inie. Ukiiandika hivyo na kuiacha mashine ichanganye kila ucheleweshaji na kila upotevu, kisa cha Mzee kinatoka chenyewe. Wa kwanza anaita zabuni. Lori linataja bei hadi saa 4. Wa kwanza anakubali saa 3:58, ujumbe unakwama. Saa 4 zabuni inakwisha. Lori linataja bei kwa wa pili. Wa pili anakubali. Ujumbe wa wa kwanza unaingia. Hatua saba tu, na watu wawili wanalidai lori moja. Mashine haikasiriki wala haimtetei mtu. Inazitoa hatua hizo zilivyofuatana, basi.

FUNDI. Ninavyoirekebisha mimi ni hivi. Kukubali kunahesabika pale tu kulipofika kwa lori kabla ya muda kwisha. Lori linajibu "nimefungwa". Mwenye mzigo asipolipata jibu hilo, anauliza tena kwa namba ile ile ya zabuni, na lori linatoa jibu lile lile hata likiulizwa mara kumi.

MWALIMU. Sharti la kwanza sasa linasimama. Na shaka umeiweka kwa nani?

FUNDI. Kwa mwenye mzigo. Kuna kipindi ambacho lori limeshafungwa kwake naye hajui.

MZEE. Na akikata tamaa akaenda kwa mwingine? Mimi nimefungwa kwa mtu aliyeondoka. Lori limesimama, dereva anataka posho.

MWALIMU. Hapo inahitajika njia ya kutoka kwenye ahadi, na bei ya kutoka. Sandholm na Victor Lesser walilichambua hilo mwaka 1996: mkataba ambao kila upande unaweza kuuvunja kwa kulipa kiasi kilichotajwa tangu mwanzo. Walionyesha kwamba mkataba wa namna hiyo unaweza kuwa na faida kwa pande zote mbili kuliko ahadi isiyovunjika, kwa sababu hali hubadilika baada ya kukubaliana.

FUNDI. Kiasi gani?

MWALIMU. Hesabu yangu haisemi. Inasema tu kwamba pasipokuwa na kiasi chochote, Mzee ndiye atakayelipa kila mara. Hilo mlikuwa hamjaliona mpaka tulipoandika.

FUNDI. Na saa? Saa ya seva yangu na saa ya kwake hazilingani. "Kabla ya saa 4" kwa nani?

MWALIMU. Kwa saa ya lori, maana ndilo lililotoa ahadi. Mwenye mzigo akate muda wake mapema kidogo, kwa kiasi kisichopungua tofauti kubwa kabisa ya saa hizo mnayoikubali, na kiasi hicho kiandikwe. Kisipoandikwa, mashine itakidai, kwa sababu bila hicho hakuna sharti litakaloshika.

MZEE. Basi niandikieni mambo mawili. Muda ni wa saa yangu. Na mwito wa zabuni usipotaja malipo ya kuvunja, lori langu lisijibu.

FUNDI. Wateja watakataa, Mzee. Watakwenda kwa wasiodai.

MZEE. Wakatae hapo kwenye mwito, kabla sijataja bei. Huko siwazuii.

FUNDI. Na hao wasiodai wakijaza soko?

MWALIMU. Hilo sasa ni la wenye malori kukubaliana. Itifaki itawaonyesha tu nani anabeba hasara. Kumlazimisha mtu aikatae haiwezi.